Miezi miwili ya mwanga wa kijani usio wa kweli: kingamwili yenye rangi na protini ya jukwaa

#1 Mtoto wa Chumbageni

Wanajamvi, salaam. Wakubwa shikamooni.

Niko nyumbani Tanga kwa likizo baada ya mwaka mzima wa utafiti wa uzamili kwenye maabara ya seli. Kuna jambo limenikaa rohoni na nataka kulieleza kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, maana mjomba wangu aliniuliza juzi nikakosa maneno.

Mjomba ni fundi ujenzi. Anainua ghorofa Mikanjuni, nami nilikuwa nimekaa chini ya mwembe namngoja amalize. Kuta zimezungukwa na mirunda, mbao zimelazwa juu yake, na juu ya mbao wamesimama watu watatu. Wa kwanza anapokea ndoo kutoka chini, wa pili anamimina udongo wa saruji, wa tatu ana mwiko mkononi. Hakuna anayetembea hatua mbili. Aliposhuka akaniuliza, "Mpwa wangu, huko maabara unafanya nini hasa?" Nikamwonyesha mirunda. "Mjomba, mimi nasoma hilo jukwaa."

Ndani ya seli ya mwanadamu taarifa zinapokezwa kama ile ndoo. Seli ikiambiwa na ishara ya ukuaji "jigawe", protini iitwayo RAF inaiamsha MEK, MEK inaiamsha ERK, na ERK inapeleka habari hadi kwenye kiini. Zote tatu zingekuwa zinaelea ovyo ndani ya seli, kukutana kungekuwa bahati nasibu. Kwa hiyo ziko protini ambazo zenyewe hazipigi tofali wala hazichanganyi saruji. Kazi yake ni kuwashika wengine wakae karibu, kwa mpangilio, mahali panapohitajika. Ndizo naziita protini za jukwaa.

Yangu inaitwa IQGAP1. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Ni mnyororo wa asidi amino 1657, uzito wake takriban kilodaltoni 190 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), na imegawanyika vipande vipande kama jukwaa lenye ngazi: kipande kimoja kinashika nyuzi za aktini zinazoipa seli umbo, kingine kinashika protini iitwayo kalmodulini, vingine vinashika RAF, MEK na ERK. Mara nyingi inaonekana pembezoni mwa seli, pale seli inaposogea au inaposhikana na jirani yake. Hata jina lake lilitokana na dhana iliyokuja kukanushwa: ina sehemu inayofanana na protini za kuzima swichi ya Ras (nayo ni protini, inayoamrisha ukuaji), watu wakadhani nayo inazima, kumbe haizimi. Inazishika swichi nyingine mbili, Cdc42 na Rac1, na kuzisaidia zibaki zimewashwa.

Sasa utaionaje? Ni ndogo mno kwa hadubini ya kawaida na haina rangi. Hapo ndipo inapoingia kingamwili iliyotiwa rangi ing'aayo. Kingamwili ni ile protini yenye umbo la herufi Y, kilodaltoni 150 hivi, ambayo ncha zake mbili zinatambua kitu kimoja na kukikamata. Unaifunga molekuli chache za rangi mgongoni, kwa kawaida kati ya 3 na 7. Rangi yangu ni ya kijani: ukiimulika kwa mwanga wa buluu wa nanomita 488, inaunywa na kuurudisha ukiwa kijani, karibu nanomita 519. Unaitandaza juu ya seli, unasuuza iliyobaki, unazima taa za chumba, unachungulia. Pale palipo na kijani, unasema, ndipo ilipo protini.

Nilichungulia miezi miwili, wanajamvi. Pembezoni mwa seli kijani, kwenye kiini kijani tele. Nilipiga picha zaidi ya mia tatu. Nikaanza kuandika sura nzima kwamba IQGAP1 inaingia kwenye kiini wakati seli inajiandaa kujigawa. Nilikuwa naamka alfajiri kwa furaha.

Halafu mtafiti mmoja aliyepita maabara akatazama picha zangu na kuuliza swali moja: "Umeitandaza kwenye seli zisizo na IQGAP1?" Sikuwa nimefanya hivyo. Tukapata seli za HeLa (seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara) ambazo jeni ya IQGAP1 imekatwa kwa mkasi wa CRISPR, yaani jukwaa hilo halimo kabisa. Nikazitia kingamwili ileile, kipimo kilekile, muda uleule.

Ziling'aa. Pembeni kijani kilififia kidogo, lakini kiini kilikuwa kimewaka vilevile kama mwanzo.

Nilikaa kwenye kile chumba cha giza muda mrefu sana. Ninachotaka kuwaambia ndugu zangu mnaosoma sayansi, hasa nyinyi wa mikoani mnaohangaika kupata kichupa kimoja tu, ni hiki: mwanga unaonyesha kingamwili imekaa wapi. Protini iko wapi ni swali jingine, na lina kazi yake.

#2 Mama wa Pongwe

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mimi sikusoma hayo lakini nimesoma uzi wako mpaka mwisho. Ninavyojua kingamwili ni za mwilini, tunaambiwa kliniki kwamba mtoto akinyonya anazipata kwa mama. Hizi za kwenu mnazitoa wapi, na zinaijuaje hiyo protini moja kati ya zote?

#3 Mtoto wa Chumbageni

Ahsante mama yangu. Ni zilezile. Mtoto anapochanjwa, mwili unaonyeshwa kipande cha ugonjwa, unatengeneza kingamwili za kukikamata. Sisi tunafanya hivyo kwa mnyama. Sungura anachomwa kipande kidogo cha protini ya binadamu, mwili wake unakiona kigeni, baada ya wiki kadhaa damu yake ina kingamwili dhidi ya kipande hicho. Shida ni kwamba sungura hatengenezi aina moja. Anatengeneza mchanganyiko, nyingine zinashika sana, nyingine zinashika ovyo, na sungura wa pili hatatoa mchanganyiko sawa na wa kwanza.

Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein pale Cambridge walipata njia: seli moja ya panya inayotengeneza kingamwili moja tu ikaunganishwa na seli ya saratani isiyokufa, ikawa inaendelea kutoa ileile. Wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984 pamoja na Niels Jerne. Siku hizi wengine wanasoma jeni ya kingamwili yenyewe na kuitengeneza kwenye seli za maabara bila mnyama, na hiyo ndiyo inayobadilika kidogo kuliko zote.

Na mama, ulishaziona. Kile kipimo cha malaria cha haraka, kile cha tone la damu na mistari, ndani yake kuna kingamwili zilizofungwa chembe ndogo sana za dhahabu. Ule mstari mwekundu ni dhahabu iliyokusanyika. Mimi nimeweka rangi ya kijani palipokuwa na dhahabu.

#4 Mpimaji wa Makorora

Mkuu, nimekaa maabara ya hospitali miaka kumi na minne na uzi huu umenigusa. Naongezea kwa wasiojua kwamba hii si sayansi ya mbali. Mgonjwa wa VVU aliyewahi kupimwa CD4, damu yake ilichanganywa na kingamwili zenye rangi ing'aayo, ikapita mbele ya leza seli mojamoja, na mashine ikahesabu zilizong'aa. Maelfu ya watu wa mkoa huu wamepita humo bila kuambiwa jina lake.

Ila watu wasichanganye na ile hadubini yetu ya LED ya kifua kikuu. Pale bakteria wanang'aa kwa rangi ya auramini ambayo inashika nta ya ukuta wao. Hakuna kingamwili pale.

Jambo la pili. Umetaja kipimo cha malaria. Sisi tunafundishwa siku ya kwanza: mstari wa C usipotokea, tupa kipimo, anza upya, hata kama mgonjwa anatetemeka mbele yako. Kwa hiyo swali langu ni la moyoni kabisa. Muuguzi wa zahanati anajua habari ya kontroli, yaani kipimo cha kukagua kipimo. Imekuwaje maabara ya chuo, yenye watu wa shahada za uzamivu, mwanafunzi aachwe miezi miwili bila kontroli?

#5 Mtoto wa Chumbageni

Mkuu, swali lako ni la haki. Kontroli nilikuwa nazo, lakini hazikuwa za swali langu.

Nilikuwa na seli ambazo hazikutiwa kingamwili yoyote, ili nijue mng'ao wa seli zenyewe. Nilikuwa na nyingine zilizotiwa kingamwili ya sungura isiyolenga chochote, yenye rangi ileile. Zote zilikuwa nyeusi, nikatulia. Hata ule mstari wa C unakuambia maji yamepita na chembe za dhahabu zinafanya kazi. Haukuambii kwamba mstari wa T, ule wa jibu, umeshika kile ulichodhani. Kwangu pia: kontroli zangu zilisema seli haziwaki zenyewe na sungura kwa ujumla hashiki ovyo. Hazikusema chochote kuhusu sungura *huyu*.

Tulipopima kwa westani bloti, yaani protini zote za seli zimepangwa kwa uzito kisha kingamwili inaulizwa umeshika ipi, ikaonyesha mistari miwili. Mmoja kwenye 190, ndiyo IQGAP1 yenyewe. Mwingine karibu na 60, mnene zaidi. Kwenye seli zilizokatwa jeni, wa 190 ulitoweka, wa 60 ukabaki palepale. Kwa hiyo kingamwili ile haikuwa ya bure. Iliijua protini yangu, ila iliipenda nyingine zaidi, na hiyo nyingine ndiyo iliyokuwa imejaa kwenye kiini.

Kwenye kichupa kulikuwa na karatasi yenye picha moja nzuri ya seli za kijani. Niliiamini karatasi.

#6 Nahodha wa Sahare

Wadau, mimi ni mvuvi. Kuna usiku wa giza, mwezi hamna, ukipiga kafi maji yanameta kibuluu mpaka unaona samaki akikimbia chini kwa mkia wa moto. Wazee wetu wameyaona siku zote. Je, hiyo ndiyo hiyo rangi yenu?

#7 Mtoto wa Chumbageni

Nahodha, hapana, ingawa macho yanaona jamaa. Wale ni viumbe wadogo sana wa baharini ambao wakishtuliwa na kafi wanatengeneza mwanga wenyewe kwa kemia ya ndani, kwa hiyo wanawaka gizani bila kumulikwa. Rangi yangu haina mwanga wake. Ukizima leza, nayo inazima papo hapo. Inakula mwanga wa aina moja na kurudisha wa aina nyingine wenye nguvu pungufu. Mfano wake wa karibu ni noti ukiiweka chini ya ile taa ya zambarau dukani, au kalamu zile za njano za kupigia mistari vitabuni.

#8 Mwalimu wa Muheza

Mtoto wa Chumbageni, naomba nikukatishe hapo maana umeacha mfano ulio mlangoni kwetu.

Mng'ao huu wa kula mwanga na kuurudisha ulichunguzwa zamani kwenye kwinini. Mwaka 1845 John Herschel aliona maji yenye kwinini yakitoa buluu ya ajabu juani. Mwaka 1852 George Stokes akaeleza sababu: kwinini inapokea miale isiyoonekana kwa macho na kuirudisha ikiwa buluu. Yeye ndiye aliyeupa mng'ao huo jina linalotumiwa na wanasayansi hadi leo, fluorescence, akalichukua kwenye jiwe liitwalo florspa.

Na kwinini inatoka kwenye gome la mti ambao Wajerumani waliuotesha hapa juu Amani, kwenye Usambara ya Mashariki, walipofungua kituo chao cha utafiti mwaka 1902. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga bahari, kwinini ilitengenezwa Amani kwa magome hayo. Wanafunzi wangu wamepanda Amani kwa miguu, wameiona misitu, lakini hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba uchungu wa gome lile ndani yake una mwanga. Nimeumia kidogo kuandika hivyo, maana na mimi sikuwaambia. Nitawaambia wiki hii. Soda ya toniki ina kwinini na taa ya kukagulia noti nitaazima dukani.

#9 Mtoto wa Chumbageni

Mwalimu, umenifundisha mimi. Nimesoma kuhusu Stokes miaka mingi na sikuwahi kumuunganisha na Amani.

Nikupe basi kipande cha kuwasimulia. Daktari Mmarekani Albert Coons alikuwa Berlin mwaka 1939 akaanza kuwaza jinsi ya kuiona kingamwili ikiwa imekamata kitu ndani ya nyama ya mwili. Mwaka 1941 yeye na wenzake wakatangaza kwamba wamezifunga rangi ing'aayo kingamwili zinazoshika bakteria wa nimonia. Rangi ya kwanza iling'aa buluu. Tatizo lake? Nyama ya mwili nayo ina mng'ao wake wa asili, wa kibuluu. Hukuweza kujua ipi ni rangi na ipi ni nyama. Ndiyo maana wakahamia kijani cha floresini, ambayo Adolf von Baeyer alikuwa ameitengeneza tangu mwaka 1871. Yaani tangu siku ya kwanza kabisa, kazi hii imekuwa ni kugombana na mwanga usiohusika.

#10 Kijana wa Kange

Habari wakuu. Niko mwaka wa pili uzamili, protini yangu pia ni ya jukwaa, na msimamizi ameniambia niagize kingamwili yenye rangi mwezi ujao. Itafika Dar halafu inakuja huku kwa basi. Bajeti ni kichupa kimoja. Mtoto wa Chumbageni, ungekuwa wewe, ungefanya nini? Naomba usifiche kitu.

#11 Mtoto wa Chumbageni

Mdogo wangu, nitaandika yote.

Kabla hujaagiza, tafuta kama kuna mtu ameijaribu kwenye seli zisizo na protini yako. Mwaka 2016 kundi la kimataifa la wanasayansi lilitoa njia tano za kuhakiki kingamwili. Unaondoa au kupunguza jeni uone kama mwanga unaondoka. Unalinganisha na kipimo kisichotumia kingamwili kabisa. Unatumia kingamwili mbili zinazoshika sehemu tofauti za protini ileile. Unaifunga protini alama nyingine uone kama zinakaa pamoja. Au unavua protini kwa kingamwili na kuitambua kwa mashine ya kupima uzito wa molekuli. Ukimudu moja tu, chukua ya jeni.

Angalia ndugu wa protini yako. Protini za jukwaa zina ukoo, na vipande vyake vinajirudia. IQGAP1 ina ndugu wawili. IQGAP2, ambayo iko zaidi kwenye ini, inafanana nayo kwa takriban asilimia 62. Uliza kingamwili ilitengenezwa dhidi ya kipande gani, halafu linganisha kipande hicho na cha ndugu zake. Hiyo haina gharama, ni kompyuta na bando la intaneti.

Safari. Kingamwili yenye rangi inakaa nyuzi 2 hadi 8, gizani, na kwa kawaida haigandishwi. Waeleze wanaokufungia mzigo: barafu isigusane na kichupa. Weka karatasi nene au sponji katikati, zungushia foili. Nimeona kichupa kimefika kigumu kama jiwe, mtu anashukuru kwamba "ubaridi umekaa". Kilikuwa kimeharibika. Kikifika, kizungushe kwenye mashinepewa (sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi) dakika chache kisha uchukue maji ya juu, maana vibonge vidogo vya rangi vinakaa chini, na vibonge hivyo juu ya seli vinaonekana kama ugunduzi. Umeme ukikatika usifungue friji kila saa kuangalia. Kuna watu wanatia sodiamu azidi kuzuia vijidudu visiote. Ni sumu, na usiimwage kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi, inajikusanya ikawa hatari ya kulipuka.

Siku ya kazi. Seli ziko kwenye kipande cha kioo. Formaldehidi ya asilimia 4, ya kuzigandisha seli zilivyo, kwa dakika 10 hadi 15, suuza. Kama protini iko ndani, toboa utando kwa sabuni ya maabara kidogo sana, suuza. Ziba mahali pa kushikia ovyo kwa albumini ya ng'ombe. Hapa watu wanaharakisha, usiharakishe. Kisha kingamwili, lakini usiweke kipimo cha kwenye karatasi ukaamini. Jaribu moja kwa mia, moja kwa mia mbili, moja kwa mia tano, kwenye seli zenye protini na zisizonayo kwa pamoja, uchague pale tofauti ilipo kubwa. Usichague palipong'aa zaidi. Mimi nilichagua palipong'aa zaidi. Suuza mara tatu, dakika tano tano, funika kwa foili, chungulia kesho yake ukiweza, usiache wiki.

Na mwanga wa hadubini: ukiacha umemulika huku unajibu simu, rangi inachoka na kufa. Kioo cha mwisho kitafifia kuliko cha kwanza na wewe utaandika kwamba protini imepungua. Piga picha zote kwa mpangilio uleule wa kamera, seli zisizo na protini zikiwa katikati ya nyingine.

#12 Mpimaji wa Makorora

Hapa kuna elimu. Nirudi kwenye jukwaa. Mpaka sasa tumesema mwanga unaweza kuwepo bila protini. Je, protini inaweza kuwepo bila mwanga? Nauliza kwa sababu majibu ya "haipo" ndiyo yanayotuumiza zaidi hospitali.

#13 Mtoto wa Chumbageni

Mkuu, umefika mahali ambapo mimi napaona ndipo penye utamu wa protini za jukwaa kuliko protini nyingine zote.

Rudi Mikanjuni. Asubuhi jukwaa liko tupu, unaona mirunda yote. Saa nne limejaa watu, ndoo, mbao, maturubai. Ukimtuma mtoto akaguse mrunda wa tatu kutoka kushoto, hataufikia. Kuna mtu amesimama mbele yake. Kingamwili nayo inatafuta kipande kimoja tu cha protini, asidi amino chache. Kama kipande hicho ndicho alichosimama ERK, kingamwili haiingii. Na ni kubwa, kilodaltoni 150, haipenyi uchochoro. Kwa hiyo jukwaa linaweza kuonekana limepotea wakati ule ule ambao linafanya kazi kuliko wakati wowote. Mtu akiona kijani kimepungua baada ya kuzipa seli ishara ya ukuaji, anaandika "protini imevunjwa". Huenda imejaa wageni tu. Formaldehidi nayo huweza kukigandisha kipande kikabadilika sura. Ndiyo sababu kwa jukwaa kingamwili moja haitoshi, hata iwe safi namna gani. Unahitaji mbili zinazoshika pande tofauti, ili upande mmoja ukizibwa, mwingine useme.

Kuna jingine linalonikosesha usingizi, kwa wema. Jukwaa likizidi, kazi inaharibika. Mjomba akifunga majukwaa kumi kwenye nyumba ndogo yenye mafundi watatu, mmoja atapanda hili, mwingine lile, wa tatu kule, ndoo haifiki. Kwenye seli ni hivyohivyo: protini ya jukwaa ikiwa nyingi kupita wale inaowashika, RAF inakaa peke yake hapa, MEK peke yake pale, na taarifa inadhoofika. Kwa hiyo kuona kijani kingi hakumaanishi kazi nyingi. Lazima uwatie rangi tofauti na mafundi: jukwaa kijani, ERK nyekundu, kiini buluu, uone kama wako pamoja. Hapo ndipo kingamwili iliyotiwa rangi moja kwa moja inapoishinda ile ya hatua mbili, ambapo kingamwili ya pili yenye rangi inaikamata ile ya kwanza isiyo na rangi. Kwa hatua mbili, ukitumia kingamwili mbili za sungura, ile ya pili inayobeba rangi haijui sungura yupi ni yupi. Zikiwa zimebeba rangi zenyewe, sungura wawili wanakaa kwenye kioo kimoja bila kugombana. Hasara yake mwanga ni hafifu kidogo, maana ya hatua mbili inapandana na kuongeza nguvu.

Na haya yana uzito nje ya maabara. Bakteria wa Salmonella, yule wa ukoo unaoleta homa ya tumbo, anapojisukuma ndani ya seli ya binadamu anatumia mashine ya aktini ya seli hiyo, na IQGAP1 ni mojawapo ya protini anazozihitaji kuingia vizuri. Mimi nimekulia mtaa ambao homa ya tumbo inajulikana kwa jina nyumba hadi nyumba. Nikikosea kusema jukwaa liko wapi, kuna mtu atajenga juu ya kosa langu.

#14 Mama wa Pongwe

Mwanangu nimeelewa habari ya jukwaa kujaa watu, nimeelewa kabisa. Lakini hukumaliza hadithi. Zile picha mia tatu zimekwenda wapi? Na ulipata nyingine?

#15 Mtoto wa Chumbageni

Mama, picha zipo, sikuzifuta. Nimeziweka kwenye folda na nimeandika juu yake kingamwili gani, toleo gani, na kwa nini zisitumike, ili atakayenifuata asizitumie. Sura ya kiini nimeitoa kwenye tasnifu. Iliniuma, sitaficha.

Nyingine tuliipata, iliyotengenezwa kwa jeni, inashika mkia wa protini. Nilianza na seli zilizokatwa jeni kabla ya zozote. Zilikuwa nyeusi. Nikahamia zenye protini: mstari mwembamba wa kijani kwenye ukingo wa seli, pale seli mbili zinapogusana. Kiini kitupu. Ukingo ule ulikuwa hafifu, inabidi uzoee giza dakika kadhaa ndipo uuone, na hakuna mtu angeuweka kwenye kalenda. Nilimwita mwenzangu aje auone. Kwenye westani bloti, mstari mmoja, 190.

Bado sina kingamwili ya pili ya upande wa kichwa. Hiyo ndiyo nitakayoomba nikirudi.

#16 Kijana wa Kange

Kaka, nimezungumza na msimamizi leo. Tumepunguza ukubwa wa kichupa na fedha iliyobaki tunaagizia seli zilizokatwa jeni. Ahsante.

#17 Mwalimu wa Muheza

Wanajamvi, natoa taarifa ya darasa.

Tulifunga madirisha kwa maturubai, nikaweka glasi mbili mezani, moja ya soda ya toniki na moja ya maji ya bomba. Niliwaonya wasiiangalie taa yenyewe. Nikamulika. Toniki ikawaka buluu, darasa zima likashusha pumzi. Lakini maji nayo yalionekana yana buluu kwa chini. Binti mmoja wa mstari wa mbele, ambaye huwa haongei, akasema, "Mwalimu, ondoa kitambaa." Ulikuwa mtandio mweupe niliotandika mezani, umefuliwa kwa sabuni ya unga, na sabuni hizo zina rangi ing'aayo ya kufanya nguo ionekane nyeupe zaidi. Tulipouondoa, maji yakawa meusi na toniki ikabaki.

Kisha nikatia chumvi ya jikoni kwenye glasi ya toniki, kijiko kimoja, cha pili, cha tatu. Kloridi ya chumvi inaizuia kwinini isirudishe mwanga. Buluu ikafifia mbele ya macho yao mpaka ikabaki kivuli. Nikauliza kwinini imekwenda wapi. Wengi wakasema imekwisha, imeliwa na chumvi. Nikawapa vijiko safi waonje tone moja moja. Walikunja nyuso wote: chumvi, na chini ya chumvi ule uchungu bado upo.